Kuusoma Upya Mchezo wa Sataranji Ulioandikwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametokana na wachezaji wa kawaida wa Mtwara na Lindi: wanafunzi, walimu, mafundi, na wale ambao jioni hupokezana ubao mmoja barazani. Wengi huja na daftari lenye hatua za mchezo waliocheza wao kwa wao, nao hawajui waanzie wapi. Majibu yanachukulia kwamba msomaji anajua tayari jinsi kila kete inavyotembea.

## Mambo ya msingi

1. Kuusoma upya mchezo ulioandikwa ni kufanya nini hasa?

Ni kuupanga ubao tena, kuzirudia hatua moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa, na kusimama mahali ambapo mchezaji alikuwa na uamuzi wa kufanya ili kuuliza alikuwa akifikiri nini. Kuzipitia hatua kwa kasi huku ukisikitikia kosa lililokugharimu malkia ni kujikumbusha machungu tu. Kinachotafutwa ni fikra iliyolizaa kosa, kwa sababu hatua ileile haitarudi katika mchezo mwingine, ilhali fikra ileile itarudi.

2. Kwa nini nijishughulishe na mchezo wa watu wawili wasiojulikana, wakati michezo ya mabingwa imejaa kwenye simu?

Michezo ya mabingwa ina faida zake, ila kosa la bingwa mara nyingi ni dogo kiasi kwamba msomaji asiye na uzoefu halioni hata akionyeshwa, na hatua nyingi muhimu hazichezwi kabisa kwa sababu wote wawili wameshaona kwamba hazifai. Katika mchezo wa wachezaji wa kawaida makosa yako wazi, yanaadhibiwa au yanasamehewa palepale, na yanafanana na yale utakayokutana nayo Jumamosi ijayo. Mchezo wako mwenyewe una ubora mmoja zaidi, nao ni kwamba shahidi wa kilichokuwa kichwani mwako ni wewe.

Kwa maoni yangu, mchezaji wa kiwango chetu afanye michezo yake mwenyewe kuwa chakula cha kila siku, na michezo ya mabingwa iwe ya sikukuu.

3. Ninahitaji vifaa gani?

Ubao, kete, karatasi yenye hatua na kalamu. Ubao halisi ni bora kuliko kioo cha simu kwa awamu ya kwanza, kwa kuwa mkono ukisogeza kete taratibu jicho hupata muda wa kutazama. Asiye na kete kamili anaweza kuandika alama juu ya vizibo vya soda vilevile vinavyotumika kwenye drafti. Programu ya simu huja baadaye. Tazama swali la 11.

## Kuandika hatua

4. Hatua huandikwaje?

Kila mraba una jina la herufi na namba. Safu wima huitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na safu mlalo huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Kete hutambulishwa kwa herufi zilizozoeleka kimataifa: K kwa mfalme, Q kwa malkia, R kwa ngome, B kwa askofu na N kwa farasi. Askari hana herufi, kwa hiyo e4 maana yake ni askari aliyefika mraba wa e4. Alama ya x huonyesha kula, + huonyesha mfalme ameshambuliwa, yaani cheki, na # ni mati, yaani mfalme ameshambuliwa na hana njia ya kuokoka. Mfalme akihamia pembeni pamoja na ngome, huandikwa 0-0 kwa upande mfupi na 0-0-0 kwa upande mrefu.

Jambo linalosahaulika sana ni kutofautisha kete mbili za aina moja zinazoweza kufika mraba uleule. Ngome zikiwa a1 na f1, na njia za zote mbili kuelekea d1 zikiwa wazi, Rd1 haitoshi. Huandikwa Rad1 au Rfd1. Uzembe huu mdogo ndio unaoharibu kumbukumbu nyingi ninazoletewa, kwa sababu hatua kumi baadaye ngome huonekana mahali ambapo isingeweza kuwapo.

5. Je, ni lazima kuandika?

Barazani hakuna anayekulazimisha. Katika mashindano ya muda mrefu yanayofuata sheria za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, mchezaji anatakiwa kuandika hatua zake na za mpinzani kadiri zinavyochezwa, tena hairuhusiwi kuandika hatua kabla ya kuicheza, isipokuwa pale anapodai sare kwa kanuni. Mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika tano, bila nyongeza ya sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua, anasamehewa kuandika. Mchezo ukiisha, wachezaji wote wawili husaini karatasi zote mbili, na karatasi hizo ni mali ya waandaaji. Ukitaka yako, nakili au piga picha kabla hujaikabidhi.

Kwa michezo ya kujifunza, ushauri wangu ni kuongeza safu moja ya muda. Andika saa ilisomaje baada ya kila hatua tano. Ukikuta kwamba ulitumia dakika ishirini kwenye hatua ambayo haikuwa na njia nyingine, kisha ukatumia nusu dakika kwenye ile iliyoamua mchezo, umepata jambo ambalo hakuna programu itakayokwambia kwa kuzitazama hatua peke yake.

6. Ubao wetu umechorwa kwa mkono na hauna herufi. Mweusi aliandika akihesabu kutoka upande wake. Je, kumbukumbu hiyo imepotea?

Haijapotea, mradi alifanya hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Toa namba ya mraba kutoka katika 9, kisha badilisha herufi hizi kwa jozi: a na h, b na g, c na f, d na e. Akiwa ameandika d4, mraba wenyewe ni e5.

Kabla ya kufanya kazi hiyo, hakikisha ubao uliwekwa sawa: mraba wa pembeni ulio kulia kwa kila mchezaji uwe mweupe. Ubao uliogeuzwa kwa robo duara huzaa mchezo ambao malkia wameanza mahali pa mfalme, na hapo hatua zinaweza kuonekana halali kwa muda kabla hazijaanza kupingana.

## Kuchambua

7. Nianze wapi?

Anza siku ileile, kabla ya kulala ikiwezekana, kwa kuandika ulichokuwa ukifikiri. Usitafute hatua bora bado. Kando ya hatua ya 9 andika "niliogopa farasi wake wa g4". Kando ya hatua ya 15 andika "sikuona kitu, nikasogeza tu". Maneno haya hayatapatikana tena baada ya wiki moja, maana kumbukumbu ina tabia ya kujipamba.

Baada ya hapo pitia mchezo mara ya pili ukitafuta mahali pasipozidi patatu ambapo mwelekeo uligeuka. Watu wengi hutaka kusahihisha kila hatua, wakachoka kwenye hatua ya 12 na kuliacha daftari. Mahali patatu panatosha. Hata mahali pamoja tu pakifanyiwa kazi vizuri panatosha.

8. Nitaitambuaje hatua iliyogeuza mchezo?

Mara nyingi hutangulia ile inayouma. Chukua mwanzo huu, ambao huonekana sana kwa wachezaji wachanga:

1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 Nc6 5.h3 Bh5 6.d3

Hakuna kilicholiwa, na ukipita haraka utasema hakuna kilichotokea. Muulize Mweupe kwa nini alicheza 6.d3, naye atajibu kwamba alitaka kumfungulia njia askofu wa c1, na kwamba farasi wake wa f3 alikuwa hawezi kusogea kwa sababu nyuma yake yupo malkia, anayekabiliwa na askofu wa h5. Simama hapo. Je, ni kweli hawezi kusogea?

Jaribu 6.Nxe5. Mweusi akivutwa na malkia na kucheza 6...Bxd1 (nukta tatu huonyesha hatua ya Mweusi), linafuata 7.Bxf7+, mfalme hana njia ila 7...Ke7, na 8.Nd5 ni mati: farasi wa e5 anaikaba d7 na kumlinda askofu, askofu wa f7 anazikaba e8 na e6, farasi wa d5 anaikaba f6, na miraba iliyobaki imezibwa na kete za Mweusi mwenyewe. Mweusi akiwa makini atacheza 6...Nxe5, kisha 7.Qxh5 Nxc4 8.Qb5+, malkia anampa mfalme cheki huku akimtaka farasi wa c4, na baada ya 8...c6 9.Qxc4 Mweupe amebaki na askari mmoja zaidi. Akila kwa askari, 6...dxe5 7.Qxh5, bado askari huyo amepotea, na juu yake kuna tishio la mati kwenye f7.

Sasa rudi nyuma hatua moja, maana hapo ndipo penye somo lenyewe. Kwa nini mbinu hii isingefaa kwenye hatua ya 5, askofu mweusi akiwa bado g4? Kwa sababu 5.Nxe5 ingejibiwa 5...Nxe5, na farasi huyo akiwa e5 anamlinda askofu wa g4. Ni 5.h3 iliyomsukuma askofu hadi h5, nje ya ulinzi huo. Kwa hiyo Mweupe alicheza hatua nzuri kwenye 5, pengine kwa mazoea tu ya kumfukuza askofu, kisha hakuuliza imebadilisha nini. Mweusi naye alikuwa na 5...Bxf3 6.Qxf3, kisha 6...Nf6 kuziba tishio la mati kwenye f7, na mchezo ungeendelea kwa amani.

Kwenye daftari, Mweupe aandike hivi: "Niliamini farasi amefungwa, sikuhesabu." Maneno hayo yatamsaidia katika michezo mingi isiyofanana na huu hata kidogo.

9. Nilishinda. Kuna haja ya kuuchambua?

Ipo, na wakati mwingine ni kubwa kuliko uliposhindwa. Ushindi hufunika kila kitu. Mfano wa swali la 8 unaweza kabisa kutoka katika mchezo ambao Mweupe alishinda baadaye kwa sababu nyingine, akaondoka akijua kwamba 6.d3 ni hatua njema. Tafuta mahali ambapo mpinzani alikuwa na njia ya kujinasua naye hakuiona, kisha jiulize kama wewe uliiona.

10. Nilibaki na mfalme peke yake dhidi ya mfalme na askari mmoja, nikashindwa. Hapo pana cha kuchambua?

Swali hili huletwa na watu wanaodhani kwamba mwisho wa aina hiyo huwa umeamuliwa tayari. Weka ubaoni: Mweupe ana mfalme e5 na askari e6, Mweusi ana mfalme e7, na ni zamu ya Mweusi. Kuna miraba mitatu tu ya kurudi, nayo ni d8, e8 na f8, na kwa jicho la haraka yote inaonekana sawa.

Akicheza Kf8, linafuata Kf6, mfalme mweusi anarudi Ke8, askari anasogea e7, Mweusi analazimika Kd7, na Kf7 inamfungulia askari njia ya kuwa malkia. Kwenda Kd8 kuna matokeo yaleyale kwa upande wa pili. Akirudi moja kwa moja Ke8, mambo yanageuka: Kd6 inajibiwa Kd8, Kf6 inajibiwa Kf8, wafalme wanatazamana kila mara, na askari akisogea e7 kwa cheki mfalme anarudi e8, Mweupe akimlinda askari wake kwa Ke6, Mweusi hana hatua halali na hajashambuliwa, basi ni sare. Asipomlinda, askari analiwa, na hiyo pia ni sare.

Nusu pointi nzima imo katika mraba mmoja. Ndiyo maana siwaruhusu wanafunzi kuacha kuandika pale kete zinapopungua ubaoni. Hapo ndipo hesabu huwa kamili na jibu huwa la hakika.

## Programu za kuchambua

11. Niitumie programu lini?

Baada ya kumaliza yaliyoelezwa katika swali la 7, wala isiwe kabla. Stockfish ni programu huru isiyolipiwa, nayo ina nguvu kuliko mwanadamu yeyote. Tovuti ya Lichess inaitumia na haina malipo wala matangazo. Ukiingiza hatua zako, kwa sekunde chache utaonyeshwa makosa yote kwa rangi. Shida ni kwamba ukishaonyeshwa jibu, akili haiwezi tena kulitafuta, na utajidanganya kwamba ungeliona.

Umeme ukikatika au bando likiisha, uchambuzi usisimame. Kazi iliyo kubwa haihitaji chaji.

12. Namba kama +0.4 au −2.1 zina maana gani?

Ni makadirio ya programu kuhusu nani yuko vizuri, yakipimwa takribani kwa thamani ya askari mmoja. Jumlisha ni kwa faida ya Mweupe, kutoa ni kwa faida ya Mweusi. Kwa ulinganisho wa kawaida farasi na askofu huhesabiwa 3, ngome 5 na malkia 9. Namba hubadilika kadiri programu inavyozidi kutafuta, kwa hiyo usinakili ile ya sekunde ya kwanza.

Kwa wachezaji wa kiwango chetu, tofauti iliyo chini ya nusu askari haifai kukunyima usingizi. Shughulika na mahali ambapo namba imeruka kwa askari wawili au zaidi.

13. Programu inasifu hatua ambayo siielewi kabisa. Niikariri?

Hapana. Cheza hatua uliyodhani ni bora dhidi ya programu hiyo hiyo, uone inavyokuadhibu. Sababu kwa kawaida hujitokeza ndani ya hatua mbili au tatu. Ikiwa baada ya kujaribu bado hakuna kinachoeleweka, weka alama ya kuuliza uendelee mbele. Kuna hatua ambazo ubora wake hutokea mbali mno, na kuzishangaa hakumnufaishi mtu.

## Hali zisizo za kawaida

14. Karatasi yangu na ya mpinzani hazilingani. Ipi ni ya kweli?

Chezeni zote mbili hadi mahali zinapotofautiana, kisha endeleeni na kila moja peke yake. Ile isiyo sahihi kwa kawaida hufika mahali ambapo hatua haiwezekani: kete haipo, au njia imezibwa. Makosa ya kawaida ni kuchanganya b na d kwa mwandiko, kuruka hatua ya upande mmoja, na lile la ngome mbili katika swali la 4. Zote mbili zikiwezekana hadi mwisho, chagueni ile ambayo hatua zake zinaeleweka zaidi, na mwandike pembeni kwamba pana shaka.

15. Niliacha kuandika kwa kukosa muda. Nifanyeje na sehemu iliyobaki?

Jaribuni kuikumbuka pamoja mara tu mchezo unapoisha, kete zikiwa bado ubaoni. Mkianza na hali ya mwisho mkarudi nyuma, mara nyingi hatua saba au nane hupatikana. Zisipopatikana, andika hali ya mwisho mnayoikumbuka kwa kutaja kila kete na mraba wake, kisha uchambue hapo kwenda mbele. Usibuni hatua za kuziba pengo.

16. Nyumbani tumegundua kwamba kulikuwa na hatua isiyo halali ambayo wote hatukuiona. Mchezo unahesabikaje?

Sheria ya kurejesha hali iliyokuwapo kabla ya kosa inahusu kosa linalogunduliwa mchezo ukiwa bado unaendelea. Kwa upande wa kujifunza, chambua hadi hatua hiyo, kisha tafuta hatua halali ambayo mchezaji angeweza kuicheza na uendelee kutoka hapo kama mazoezi. Mara nyingi hatua haramu inaonyesha mchezaji aliyechoka au aliyekuwa akitazama upande mmoja tu wa ubao, nalo hilo ni jambo la kuandika.

17. Mpinzani wangu yuko Lindi nami niko Mtwara. Tunaweza kuchambua pamoja?

Mnaweza, kwa simu na ubao kila mmoja mahali pake. Utaratibu unaofaa ni kila mtu kuandika maelezo yake kwanza peke yake na kumtumia mwenzake kwa WhatsApp kwa wakati mmoja, ili asiyejiamini asije akaiga ya mwenziwe. Yanayovutia ni pale mnapokuta kwamba wote wawili mliogopa jambo lisilokuwapo. Kama bado mnacheza mchezo wenyewe kwa kutumiana hatua, uchambuzi wa programu usubiri hadi utakapoisha, na hilo mkubaliane tangu hatua ya kwanza.

18. Ninataka kuutumia mchezo wa wengine kufundishia darasani. Niwataje?

Waombe kwanza, na wakiwa watoto tumia "Mweupe" na "Mweusi" tu. Funika hatua kwa karatasi na uifunue moja moja, ukiwataka wanafunzi wataje hatua yao na sababu yake kabla ya kuiona iliyochezwa. Kosa likijitokeza, uliza mchezaji aliamini nini hata akaicheza hatua hiyo; darasa likianza kucheka, mwenye mchezo akiwa ameketi nyuma, hataleta daftari lake tena.

Chagua mchezo mfupi, usiozidi hatua 30, na usimame mara tatu tu, kama ilivyoelezwa katika swali la 7. Mbele ya wanafunzi hamsini na ubao mmoja, hata hizo tatu zitakula kipindi chote.